Fataki Hazizeeki Kama Tunavyodhani

Mtungi ulikuwa wa kioo, wenye kifuniko cha kusokota, na fataki zilijaa hadi nusu yake. Sisemi fataki za sherehe, ni vile vikombe vidogo vya kwenye kitako cha risasi vinavyowasha baruti pini ya bunduki ikivigonga. Fataki hizi hazikuwa kwenye boksi wala trei. Zilikuwa huru, zimelaliana kama shanga. Mzee aliyeuleta aliuinua hadi usawa wa macho yetu, akautikisa kidogo tuzisikie.

"Mwanangu, hebu niambie. Hizi bado zina uhai?"

Alikuwa amezipata katika vitu vya rafiki yake aliyefariki, na hakuna aliyejua zimekaa miaka mingapi. Tuliokuwepo sote tunajaza risasi upya, yaani tunachukua maganda yaliyotumika na kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema fataki ikipita miaka kumi ni ya kutupa. Mwingine akacheka, akasema amewahi kufyatua risasi zilizotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na zikalia zote. Mzee alisikiliza pande zote mbili, kisha akautikisa tena.

"Mzee, naomba uuweke mezani," nikamwambia. "Polepole."

Aliuweka. Mjadala wa miaka ukaendelea palepale ulipoachwa.

Tangu siku hiyo swali lile limenikalia kichwani. Majibu yapo, tena mengi. Kilichonisumbua ni kwamba watu wenye uzoefu walizunguka meza moja wakibishana juu ya kalenda, na kilichokuwa cha hatari pale mezani kilikuwa chombo.

## Boksi halina tarehe

Chukua boksi lolote la fataki uligeuze pande zote sita. Utaona ukubwa wake, kama ni za bastola au za bunduki ndefu. Utaona onyo na namba ya toleo. Tarehe ya mwisho wa matumizi hutaiona.

Kwa muda mrefu nilidhani viwanda vinakwepa lawama tu. Sasa naona sababu ni nyepesi zaidi. Kiwanda kinajua fataki ilivyokuwa ilipotoka mlangoni. Hakijui kama italala kwenye kabati la chumba cha ndani au itapikwa darini chini ya bati miaka ishirini. Tarehe gani ingewafaa wote wawili?

Mahali ambapo hapana tarehe, uvumi hujaa. Mwaka 2009, nchini Marekani, zilienea habari kwamba viwanda vingeanza kutengeneza fataki zenye kemikali ya kuziua baada ya muda, ili watu wasiweze kujiwekea akiba. Haikuwa kweli. Lakini uvumi ule ulipata masikio kwa sababu ulitua juu ya hofu iliyokuwepo tayari, kwamba hivi vikombe vidogo vinaisha nguvu kimyakimya usiku tukiwa tumelala.

Hofu hiyo ilirudi kwa kishindo kuanzia 2020, fataki zilipoadimika madukani na kila boksi la zamani likatolewa mvunguni. Watu waliokuwa hawagusi akiba zao walianza kuzikagua. Swali la mzee yule likaulizwa kila mahali.

## Kinachoweza kuharibika

Fataki ya kisasa ina vitu vichache sana. Kuna kikombe cha shaba nyeupe, chembe ya mchanganyiko unaolipuka ukigongwa, kipande chembamba cha karatasi au lakiri juu yake, na fuawe, kile kijiguu ambacho mchanganyiko hubanwa dhidi yake pini inapopiga. Kwenye mfumo wa Edward Boxer, Mwingereza, fuawe imo ndani ya fataki yenyewe. Kwenye mfumo wa Hiram Berdan, Mmarekani, fuawe ni sehemu ya ganda. Wote wawili walipata hataza zao 1866, na hadi leo Wamarekani wengi wanatumia mfumo wa Mwingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ilishika wa Mmarekani. Historia ina utani wake.

Shaba haiozi upesi. Fuawe haiendi kokote. Kwa hiyo swali la umri ni swali la ile chembe.

Na chembe hiyo, kwa fataki nyingi zinazouzwa leo, msingi wake ni stifneti ya risasi (risasi ya madini, si ya bunduki) pamoja na kiasi kidogo cha tetrazeni kinachoipa wepesi wa kushtuka. Stifneti ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ukiipasha moto taratibu itastahimili hadi zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi kabla ya kulipuka. Tetrazeni ndiyo dhaifu. Ikikaa siku kadhaa karibu na nyuzi 90 huanza kuvunjika, na fataki ambayo tetrazeni yake imevunjika inaweza kuwa nzima kwa macho lakini nzito kushtuka.

Nyuzi 90 si joto la kabati. Si joto la chumba chochote ambacho binadamu anaweza kukaa. Hata ndani ya gari lililofungwa juani joto huishia chini ya hapo, ingawa gari si mahali pa kuweka fataki kwa sababu nyinginezo.

Kwa hiyo kwenye joto la kawaida la nyumba, tena kukiwa kukavu, mabadiliko huenda polepole mno. Wajazaji wanaotumia fataki za miaka thelathini au arobaini hawana bahati ya pekee. Wanapata kile ambacho kemia yake inaruhusu.

## Zinazaliwa zikiwa mbichi

Hapa ndipo nilipobadilika mimi mwenyewe, na sikutegemea.

Nilikuwa nimezoea kuuona unyevu kama sumu. Fataki ikilowa imekufa. Hivyo ndivyo tulivyofundishana, na ndiyo maana wengi wetu huweka vifuko vya silika jeli, vya kunyonya unyevu, kila pembe kama hirizi.

Kisha nikawaza jinsi zinavyotengenezwa. Mchanganyiko ule ukiwa mkavu hauguswi kwa mkono na mtu mwenye akili. Kiwandani hushikwa ukiwa umelowa maji, kama udongo laini, kwa kuwa ukilowa unakuwa mpole. Husukumwa ndani ya vikombe ukiwa hivyohivyo, fuawe huwekwa, ndipo fataki zinakaushwa. Fataki huanza maisha yake ikiwa imelowa.

Maana yake ni nini? Ni kwamba maji peke yake hayaiui. Yanailaza. Ikikauka vizuri inaweza kuamka, na mara nyingi huamka. Wapo waliozimwagia maji fataki mbovu wakazitupa wakiamini wamemaliza kazi, na walichofanya ni kuahirisha tu.

Mafuta nayo yana hadithi kama hiyo. Tunaambiwa tone moja la mafuta ya kupenya linatosha kuua fataki. Waliojaribu kwa makusudi wamekuta nyingi zinalia hata baada ya kulowekwa, hasa za kisasa zenye lakiri juu ya mchanganyiko. Mafuta yanaweza kuiharibu fataki. Hayatoi ahadi.

Unyevu unaodhuru kweli ni ule wa kuja na kuondoka kwa miaka mingi. Usiku wa baridi, mchana wa joto, umande unaganda juu ya chuma, unakauka, unarudi. Huo ndio unaoila shaba ikageuka kijani, unaolegeza karatasi, unaosukuma chumvi mahali pasipostahili. Fataki iliyoloweshwa mara moja ikakaushwa inaweza kuwa na hali nzuri kuliko iliyokaa miaka kumi ndani ya banda linalopumua mvua na jua.

Kwa hiyo neno ninalolitafuta siku hizi ni utulivu. Nyuzi ishirini na kidogo, zisizopanda wala kushuka sana, zinanitosha. Chumba cha ndani kinashinda gereji, na gereji inashinda dari. Na ukitoa boksi mahali penye baridi kulipeleka penye joto na unyevu, liache limefungwa hadi lipate joto la chumba. Umande hutua juu ya kile kilichofunguliwa mapema.

## Lawama zisizo za umri

Kuna jambo linalowafanya watu waamini fataki zao zimezeeka, na halihusiani na uzee hata kidogo.

Pini inapiga, hakuna mlio. Unasubiri, bunduki ikiwa imeelekea mahali salama, nusu dakika kamili, maana fataki au baruti inaweza kuchelewa. Unaipiga mara ya pili. Inalia. Unageuka kwa mwenzako: "Unaona? Za zamani hizi."

Angalia tena. Fataki iliyokataa pigo la kwanza ikakubali la pili mara nyingi inakuambia kwamba haikuwa imekaa mwisho wa tundu lake. Miguu ya fuawe haikugusa chini. Pigo la kwanza lilitumia nguvu zake kuisukuma fataki ndani, na la pili likaikuta imeshika. Fataki inatakiwa ikae chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda, kati ya sehemu tatu na tano za elfu ya inchi. Kidole kinaweza kuhisi hilo. Tundu likiwa na masizi, au mkono ukiwa mwepesi kwenye mashine, fataki mpya kabisa itagoma vilevile.

Chemchemi ya pini ikilegea, ni hivyohivyo. Mafuta yaliyoganda kwenye njia ya pini, hivyohivyo.

Ndiyo maana siamini ushuhuda wa "zimezeeka" mpaka nisikie zimejaribiwa vipi. Jaribio la maana ni rahisi. Chukua chache kutoka boksi moja, zipachike kwenye maganda matupu yasiyo na baruti wala kichwa, na uzilipue kwenye bunduki uliyo na uhakika nayo, masikio na macho yakiwa na kinga. Sikiliza kama sauti ni moja. Ukiona zinatofautiana, nyingine kali na nyingine kama mtu anayekohoa, hapo una jambo la kujadili. Mwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, anaweza kwenda mbele zaidi, ajaze risasi kadhaa kamili alinganishe kasi zake na za fataki mpya. Kasi zikitawanyika kuliko kawaida, basi akiba hiyo ni ya mazoezi ya karibu, si ya shabaha ya mbali.

## Umri wenye maana ya kweli

Lakini siwezi kusema umri haujalishi kamwe. Unajalisha mahali ambapo wengi hawatazami.

Fataki za kale hazikutengenezwa kwa stifneti. Za mwanzo kabisa zilibeba fulminati ya zebaki, kitu kilichoelezwa na Edward Howard mwaka 1800. Aliyeanzisha kuwasha bunduki kwa kemikali inayolipuka ikigongwa ni mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza yake 1807. Fulminati huchoka kweli kwenye hifadhi yenye joto. Hizo ndizo zilizowapa babu zetu wa fani hii imani kwamba fataki ina siku zake, na nadhani tumeirithi imani bila kurithi kemia yake. Isitoshe, zebaki inayobaki baada ya mlio huingia kwenye shaba ya ganda na kuifanya ivunjike kirahisi. Kwa mjazaji, ganda lililoguswa na zebaki halifai tena.

Zikafuata za klorati ya potasiamu. Na hapa kuna kisa cha kuwafaa wanaodhani kiwanda hakikosei. Mwaka 1917, Marekani ikiwa inaingia vitani, fataki za kiwanda cha serikali cha Frankford Arsenal, Philadelphia, zilianza kugoma kwa wingi. Mchanganyiko wake ulikuwa na salfa, na klorati iliyotumika haikuwa safi. Tindikali ikazaliwa ndani ya fataki zenyewe. Hazikuwa na miaka kumi. Zilikuwa mpya. Wakauacha mchanganyiko ule wakachukua mwingine usio na salfa, ukaitwa FA-70, na huo ukatumika hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

FA-70 ilikuwa imara ajabu kwenye hifadhi. Ndiyo maana yule mwenzetu pale mezani aliweza kujisifu kwamba risasi zake za vita zililia zote. Alichosahau kutaja ni mtutu. Klorati ikishalipuka huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta maji kutoka hewani, na mtutu usiosafishwa siku hiyohiyo huanza kutu kesho yake. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Wanajeshi wa zamani waliosafisha mitutu kwa maji ya moto, kisha wakaikausha na kuipaka mafuta, walijua walichokuwa wakifanya.

Fataki zisizoleta kutu ziliingia sokoni miaka ya 1920 kuelekea mwisho, Sinoxid ya kampuni ya RWS huko Ujerumani na Kleanbore ya kampuni ya Remington huko Marekani. Majeshi yalichelewa. Marekani iliendelea na za klorati kwa risasi nyingi hadi mwanzo wa miaka ya 1950, na nchi za kambi ya Mashariki zilizishikilia miongo mingi zaidi.

Kwa hiyo mtu akinionyesha fataki za kale, kulia kwake hakunipi shida. Nataka kujua zitaacha nini nyuma.

Za kisasa zisizo na madini ya risasi ni habari nyingine, na sitaivuta sana hapa. Nyingi zina kemikali iitwayo DDNP mahali pa stifneti, na za mwanzo zilipata sifa mbaya ya kunyonya unyevu na kuwasha baruti kwa ulegevu wakati wa baridi. Mimi ningezitumia kwanza na kuziwekea akiba zile za kawaida.

## Sanduku la chuma

Sasa nirudi kwenye chombo, maana hilo ndilo nililoliwaza kwa wiki kadhaa.

Ukishaamini kwamba fataki zinakufa kwa unyevu, hatua inayofuata ni kuzifungia. Sanduku la jeshi la chuma lenye mpira mweusi kwenye kifuniko, lile linalobanwa kwa mkono mmoja likashika hewa. Ndani, vifuko vya silika jeli. Wajazaji wengi ninaowaheshimu wanafanya hivyo, na fataki zao zina hali safi. Kwa uhai wa fataki, siwezi kusema wamekosea.

Lakini taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya silaha na risasi za michezo, SAAMI, inashauri fataki zisihifadhiwe kwenye chombo kilichozibwa. Inataka zikae kwenye boksi lake la kiwandani, ndani ya kabati la mbao lenye ubao usiopungua inchi moja.

Mbao? Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ushauri wa kizamani. Mbao inaungua. Chuma hakiungui.

Ilinichukua muda kuona hesabu yake. Mbao inachelewesha joto, chuma kinalipitisha. Moto ukiwa chumba cha pili, kabati la ubao mnene linawapa watu wa nyumba muda wa kutoka na wazima moto muda wa kufika. Na joto likifika, fataki zilizotenganishwa kwenye trei zake hulipuka mojamoja au chache kwa pamoja, na mbao inaachia. Zikiwa zimefungwa ndani ya chuma kinachoshika hewa, nguvu haina pa kwenda mpaka chuma kipasuke. Hapo umeshaunda kitu ambacho hukukusudia kuunda.

Trei nayo ina kazi ambayo wengi hawaijui. Tunaiona kama karatasi ya kupoteza nafasi, tunalalamika mbona boksi ni kubwa na fataki ni ndogo. Nafasi ile ndiyo usalama wenyewe. Fataki moja ikilipuka peke yake inaweza kuumiza kidole au jicho. Mia zikiwa zimegusana zinaweza kulipuka kama kitu kimoja, kwa kasi ambayo masikio hayatofautishi. Ajali za mirija ya mashine za kujazia, ambapo safu nzima ya fataki huenda kwa pamoja, zimetokea vya kutosha kwenye fani hii hadi watengenezaji wakaanza kuizungushia mirija yao bomba la chuma nene. Daraja la usafirishaji la 1.4S, ambalo ndilo linaloruhusu fataki zisafirishwe kwa masharti mepesi, limetolewa kwa fataki zikiwa ndani ya vifungashio vyake vilivyoidhinishwa. Zikihamishiwa mtungini, daraja hilo halina maana tena.

Mtungi wa kioo una mabaya yote kwa pamoja. Fataki zinagusana, zinasuguana, vumbi la mchanganyiko linakusanyika chini, kifuniko kimebana, na kuta zenyewe zitageuka vipande vya kurushwa.

Nilichogundua ni kwamba karibu kila tunachofanya kurefusha maisha ya fataki kinafupisha usalama wa nyumba. Tunazifungia zaidi, tunazilundika zaidi, tunazihamisha kutoka maboksi yaliyochakaa kwenda vyombo vinavyoonekana imara. Na tunafanya haya kwa ajili ya kitu ambacho, kikiachwa ndani ya boksi lake kwenye kabati kavu, kingeishi kuliko mwenyewe.

Fataki haihitaji kulindwa kiasi hicho. Nyumba ndiyo inayohitaji.

## Ninavyoweka zangu

Sitatoa orodha, kila mtu ana chumba chake. Zangu ziko kwenye kabati la mbao peke yake, mbali na baruti. Baruti ina kabati lake. Vitu hivi viwili vikutane kwenye ganda tu. Kabati haligusi ukuta wa nje, haliko karibu na hita wala bomba la maji, na halina kufuli la kubana hewa, lina kufuli la kuzuia watoto.

Kipimo cha unyevu ninacho, na nimekiona kikisogea chini ya asilimia hamsini na juu kidogo yake bila mimi kupoteza usingizi. Ukavu uliozidi nao una tabu yake. Hewa kavu sana hukuza umeme tuli, na umeme tuli na vumbi la fataki si wenzi wa kukaa pamoja. Ndiyo maana nafuta trei ya mashine kwa kitambaa chenye unyevu na kunawa mikono kila baada ya kazi. Vumbi hilo lina madini ya risasi, na sipendi kulipeleka mezani.

Kila boksi naliandika mwezi na mwaka nilipolipata, kwa kalamu isiyofutika, kwenye ubavu unaoonekana. La zamani linatumika kwanza. Namba ya toleo naiacha ilipo, kwa sababu kiwanda kikitangaza kurudisha toleo fulani, namba hiyo ndiyo itakayoniambia kama ni langu. Ukichanganya matoleo mawili kwenye boksi moja umepoteza ufunguo huo.

Kuhusu wingi, nchini Marekani kanuni ya NFPA 495, ya shirika la kinga dhidi ya moto, inataja fataki 10,000 kama kikomo cha kuweka nyumbani, na kwingineko sheria zinaweza kuwa kali zaidi. Wapo wanaoiona idadi hiyo kama lengo. Mimi naiona kubwa. Mtu anayepiga shabaha mwishoni mwa juma anahitaji akiba ya kumvusha msimu mmoja wa uhaba, hahitaji ghala.

## Zisizo na ukoo

Zimebaki zile fataki ambazo hakuna anayejua zilikotoka. Huru, zimechanganyika, nyingine zina ukijani, nyingine zina rangi ya shaba tupu na nyingine zimepakwa nikeli.

Hizi sizijazi. Hata zikilia zote kwenye jaribio, sijui kama ni za bastola au za bunduki ndefu, na ukubwa peke yake hauniambii. Fataki ndogo za aina zote mbili zina kipenyo kilekile cha inchi 0.175, lakini kikombe cha ya bastola kwa kawaida ni laini zaidi. Ukikiweka mbele ya shinikizo la bunduki kubwa kinaweza kutobolewa na gesi ikarudi usoni. Sijui pia kama ni za klorati au za stifneti. Kuokoa vikombe vichache kwa kuhatarisha jicho ni biashara nisiyoielewa.

Chache zilizo safi zinaweza kupachikwa kwenye maganda matupu na kulipuliwa moja baada ya nyingine kwenye uwanja wa shabaha, kisha mtutu ukasafishwa kwa maji kana kwamba zote zilikuwa za chumvi. Zenye ukijani, zilizovimba, au zilizoshikana, usizibandue. Usizichome wala kuzizika, na usizitie kwenye maji au mafuta kisha pipani ukidhani umezimaliza. Piga simu zimamoto au polisi, waeleze ni nini na ni kiasi gani kabla hawajafika, na uwaachie hapohapo zilipo. Sehemu nyingi wana watu wa kazi hiyo, na hawatashangaa. Simu za aina hii hupigwa sana pale mtu mwenye akiba anapofariki na familia inaanza kufungua makabati.

Ndiyo maana kwenye mlango wa kabati langu, upande wa ndani, nimebandika karatasi ya kuelezea kilichomo, kwa maneno ambayo mtu asiyejua chochote kuhusu bunduki ataelewa, na namba ya kupiga. Mke wangu ameisoma. Aliniuliza kwa nini nimeandika "usitikise" kwa herufi kubwa.